Sare Thelathini na Moja

Shirika lilipobinafsishwa mwaka 1997, wenye mali wapya walikuta masjala yenye majalada elfu kumi na moja, yamepangwa kwa namba bila hata moja kukosa mahali pake, na mtu mmoja aliyejua kila jalada lilipo hata umeme ukiwa umekatika. Walichukua rafu, wakamwacha mtu.

Mtu huyo alikuwa Ludovick, Mhaya wa Bukoba aliyehamishiwa Dodoma akiwa kijana, akaoa, akajenga Mkonze, na akalizoea vumbi hadi akawa analitetea mbele ya wageni. Kwa kiinua mgongo chake alifungua duka la stesheneri huko Kizota, lenye mashine moja ya fotokopi na kompyuta moja iliyokwishatumika, akawa anawachapia watu barua za kuomba kazi. Yeye mwenyewe hakuomba tena. Alikuwa na miaka hamsini na moja na waajiri walikuwa wanataka vijana.

Lakini ukimtoa mtu masjala, masjala haimtoki. Mji ulipopata kafe yake ya intaneti, Ludovick alijifunza kutengeneza kurasa kwa kusoma kitabu kimoja kilichopasuka jalada, na mwaka 2000 akaanzisha Ghala la Chesi. Lilikuwa ni hifadhi ya michezo ya sataranji iliyochezwa Tanzania. Haikuwa michezo ya mabingwa. Mabingwa wana watu wa kuwaandika. Ilikuwa ya walimu, askari magereza, mafundi reli, wanafunzi wa seminari, imeandikwa hatua kwa hatua, ili mtu yeyote aliye popote apange kete zake na kuurudia mchezo kana kwamba alikuwapo. Kila Ijumaa saa kumi alifunga duka, akatia disketi mfukoni, akaenda kafe kupandisha michezo mipya ya wiki.

Hakuifanya kazi hiyo peke yake, na hakuna ambaye angeiweza peke yake. Zipora, muuguzi wa Songea, alituma michezo ya wagonjwa waliolazwa muda mrefu. Charles wa Mwanza alikuwa hodari wa kukamata makosa. “Mzee,” aliandika mara moja, “mchezo namba 688, hatua ya kumi na nne, huyo farasi katokea wapi? Aliliwa hatua ya tisa.” Ludovick alifungua daftari, akakuta kweli farasi ni marehemu, akarekebisha, na chini ya mchezo akaandika: Kosa limeonwa na Charles, Mwanza. Watu walipenda kuona majina yao hapo kuliko walivyoipenda chesi yenyewe. Wengine walianza kutafuta makosa kwa bidii ya mama mkwe, na Ghala likanufaika. Kufikia 2003 lilikuwa na michezo elfu mbili na mia moja na ushei, na sheria moja ambayo Ludovick aliiandika kwa herufi nene: lililoonwa na mwanachama huwekwa hadharani ndani ya wiki moja, liwe kosa la yeyote.

Chini kabisa ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na mstari mwingine. Mhifadhi: Ludovick, Dodoma. Hajafungwa ubaoni tangu Juni 1991.

Tusimcheke upesi. Kazi ilikuwa imekwenda, cheo kimekwenda, na ile ofisi iliyokuwa na jina lake mlangoni sasa ilikuwa stoo ya magodoro. Kilichobaki kumfanya awe mtu mbele ya watu kilikuwa mstari huo. Jumamosi saa nane alipoingia nyuma ya karakana ya Optatus, mchomeleaji, ambako klabu ya Kizota ilichezea juu ya meza za bati, wachezaji wote saba waliinuka kumpokea. Naye aliamini, ingawa hakupata kumwambia mtu, kwamba siku atakapofungwa watakaa kimya kwenye viti vyao, na kidogo kidogo hakutakuwa na sababu ya yeye kwenda.

Barua ya Mbwana ilifika Jumatatu moja ya mwezi Septemba. Mbwana alikuwa mwalimu wa hesabu huko Tanga, na aliandika barua pepe kwa adabu ileile ambayo babu yake angeandikia barua ya posa.

“Kwako Mzee Ludovick, Mhifadhi wa Ghala. Ama baada ya salamu, natumai u mzima wewe na watu wa nyumbani. Sisi huku hatujambo, ila joto. Mzee, nimepata programu mpya ya chesi. Ukiipa mchezo, inakwambia nani yuko mbele na kwa kiasi gani. Nimeipitishia michezo yote ya Ghala, na makosa madogo madogo nimeyaorodhesha hapa chini. Ila kuna kundi moja limenitatiza. Michezo thelathini na moja imeandikwa sare, na katika kila mmoja, kwa jinsi ubao ulivyokuwa mwishoni, mtu mmoja alikwishashinda. Si kushinda kwa mbali, mzee; hatua mbili au tatu, basi. Yote imechezwa Kizota. Na katika yote, uniwie radhi, aliyekuwa anashindwa ni wewe. Nadhani binti anayekusaidia kuchapa alibonyeza kitufe kisicho. Naomba uangalie. Wako mtiifu, Mbwana.”

Ludovick aliisoma mara tatu. Kisha akafanya kile ambacho mtu wa masjala hufanya akibanwa: alitafuta kanuni. Na kanuni ilikuwapo. Wachezaji wawili wakikubaliana sare, ni sare, popote duniani, hata kama mmoja amebakiwa na mfalme mtupu. Kwa hiyo binti hakukosea, daftari halikukosea, na Mbwana angeweza kujibiwa kwa mistari miwili.

Ila aliijua namna sare hizo zilivyokuja. Mchezo ungefika mahali, angeona jambo baya linamjia, na kabla halijatua yule kijana mbele yake angeinua mkono na kusema, “Sare, mzee?” Na Ludovick angeupokea mkono huo kwa uso mtulivu huku ndani akisema: hajaona! Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akirudi Mkonze na furaha hiyo iliyofichwa. Vijana wa siku hizi, alizoea kumwambia Evodia mkewe, wana haraka, hawaangalii ubao.

Siku ya Jumanne hakufungua duka. Alikaa barazani na ubao na orodha ya Mbwana, akaanza kurudia michezo mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ulikuwa na Optatus, 1992. Yawezekana hakuona. Wa pili, yawezekana. Wa tano pia aliutetea. Alipofika wa ishirini na tisa, uliochezwa Aprili mwaka huo wa 2003 na Violeth, mwanafunzi wa uhasibu na ndiye aliyekuwa akimsaidia kuchapa, alisimama. Binti alikuwa ametoa ngome yake sadaka, bure kabisa, ili kumvuta mfalme wa Ludovick nje. Kisha alimhamisha malkia upande hadi upande, akasogeza askari mmoja ambaye hakuwa na maana yoyote mpaka hatua tatu baadaye. Hatua saba nzima, kila moja ikiiandalia nyingine njia. Kabla ya ya nane, ambayo ingemfunga mfalme na ambayo hata fundi baiskeli anayepita angeiona, akainua mkono. Sare, mzee?

Mtu anayeona hatua saba hashindwi kuona ya nane.

Evodia alitoka na kikombe cha chai akamkuta ameshika kete, haiweki chini. “Unacheza na nani?” aliuliza.

“Walikuwa wananiachia.”

“Nani?”

“Wote.”

Evodia alitazama ubao, ambao kwake haukuwa na tofauti na jana. “Basi wanakuheshimu,” alisema. “Ni vibaya?”

“Heshima hiyo sikuiomba.”

“Haiombwi,” Evodia alisema, akaweka kikombe juu ya orodha ya Mbwana.

Kesho yake asubuhi alimfuata Optatus karakana. Optatus alikuwa Mchaga wa makamo, mpole kuliko mikono yake, na alikuwa klabuni tangu siku za mwanzo. Alikuwa anaunga geti. Ludovick alisubiri mpaka cheche zilipokoma.

“Optatus, niambie kweli. Mlikuwa mnaniachia?”

Optatus alivua miwani ya kuchomelea. “Nani kakwambia?”

“Tanga.”

“Tanga wanajuaje mambo ya Kizota?”

“Wana mashine.”

Optatus alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Alijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilizidi kuichafua. “Kaka Ludo,” alisema, “unamkumbuka Mzee Bartolomayo?”

Angemsahau vipi? Bartolomayo, Mgogo wa Mlali, bwana shamba aliyestaafu, ndiye aliyeanzisha klabu. Ubao wa kwanza aliuchonga mwenyewe, na kila mmoja wao alifundishwa naye namna farasi anavyoruka. Hakuna aliyekuwa akimfunga. Juni 1991 Ludovick alimfunga, mbele ya watu wote. Mzee alitazama ubao kitambo, akakunja karatasi ya mchezo akaitia mfukoni, akachukua kofia yake, akatoka. Hakurudi siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

“Alikwenda shamba,” Ludovick alisema. Ndivyo alivyokuwa amejieleza miaka yote.

“Shamba gani Juni, kaka? Juni watu wameshavuna.” Optatus sasa alikuwa anatazama geti. “Wewe uliruka. Ulipiga makofi. Ulisema, ‘Mfalme kalala.’ Mzee katoka bila kuaga, na mwaka mzima klabu ikawa watu watatu. Tukakaa chini. Tukasema, mkubwa haangushwi tena mbele za watu. Aliyefuata kwa ukubwa ulikuwa wewe.”

“Na hakuna aliyemfuata Mlali kumuuliza?”

“Kumuuliza nini? ‘Mzee, umesusa kwa sababu umefungwa?’ Nani ana mdomo huo?”

“Na Violeth? Mwaka 1991 alikuwa mtoto.”

“Kila mgeni anaambiwa siku ya kwanza,” Optatus alisema. “Choo kiko kule, maji ya kunywa yako pale, Mzee Ludo haangushwi.”

Ludovick aliona aibu. Aliiona kwenye masikio kwanza, yakamwaka, kisha ikashuka. Hakuwa na hasira na Optatus. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Alirudi dukani, akamchapia mtu mmoja barua ya kuomba kazi ya udereva, na akakosea jina lake mara mbili.

Njia za kujiokoa zilikuwa nyingi, na Alhamisi nzima alizipitia. Angeweza kumjibu Mbwana kwa kanuni. Angeweza kuifuta michezo thelathini na moja. Funguo za Ghala alikuwa nazo yeye, na katika michezo elfu mbili nani angeiulizia? Angeweza kukubali kwamba binti alibonyeza kitufe kisicho, na Violeth, alivyomjua, angelipokea kosa hilo bila kunung'unika, jinsi alivyoacha ushindi. Wazo hilo la mwisho lilimchukiza, likamtoa kwenye mengine.

Ijumaa saa kumi alikwenda kafe kama kawaida. Matokeo hakuyagusa, maana sare ni sare. Lakini chini ya kila mmoja wa michezo ile aliandika sentensi moja: Mwenzangu alikwishashinda, akaniachia. L. Aliiandika mara thelathini na moja moja moja, hakunakili, na mwenye kafe alipomwambia muda umekwisha aliomba uongezwe. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza na kuutoa ule mstari wa chini. Mwisho akamwandikia Mbwana: “Binti hakukosea. Ahsante kwa macho yako.”

Kilichobaki ni Jumamosi, na hicho hakukiweza. Violeth angekuwa ameshasoma, na akishasoma yeye wamesoma wote. Alijiona akiingia saa nane, akaziona nyuso saba zikitafuta mahali pa kutazama. Ndipo akakumbuka kwamba bado ana ushindi mmoja ambao hakupewa na mtu. Mchezo wa Juni 1991 haukuwa kwenye Ghala, kwa sababu karatasi yake ya pekee ilikuwa mfukoni mwa Mzee Bartolomayo. Kama mzee alikuwa hai, na kama karatasi ilikuwapo, huo ungeingia, na hakuna mashine ya Tanga ambayo ingeutia doa. Alimwambia Evodia anakwenda Mlali kufuata karatasi. Alikuwa anakimbia, lakini mtu anayekimbia akiwa na shughuli mkononi huonekana msafiri.

Basi lilimfikisha Kongwa, na pikapu ya mizigo ikamfikisha Mlali saa saba mchana, amekaa juu ya magunia ya chumvi. Nyumba alionyeshwa na mtu wa kwanza aliyemuuliza. Bartolomayo alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta, anamenya karanga ndani ya ungo. Alikuwa amepungua mwili, masikio yamekuwa makubwa, lakini alipoinua kichwa hakuhitaji kuambiwa.

“Ludovick,” alisema.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibu.” Mzee alinyoosha shingo, akatazama nyuma ya mgeni, kule njia ilikotokea. “Umekuja na nani?”

“Peke yangu.”

“Haya,” mzee alisema. “Angelina, leta kiti.”

Angelina, binti yake, mwanamke mzima mwenye watoto wake, alileta kiti na maji, akamsalimu mgeni kwa heshima bila uchangamfu. Ludovick alizungumza kuhusu mvua, kuhusu alizeti, kuhusu barabara. Kisha akaeleza Ghala, jinsi watu wanavyotuma michezo na wengine wanavyoirekebisha, na mzee alilielewa haraka kuliko wengi wa mjini. “Kama daftari la wilaya,” alisema, “ila kila mkulima ana kalamu.” Alipoulizwa karatasi, aliinuka bila neno, akaingia ndani, akatoka nayo. Ilikuwa imekunjuliwa na kukunjwa hadi mikunjo yake imekuwa matundu.

“Hapa,” Bartolomayo alisema, akaweka ukucha kwenye hatua ya ishirini na mbili. “Askari huyu. Ningemwacha alipokuwa, usingepata njia.”

Ludovick aliangalia. Ilikuwa kweli. “Umeutazama sana, mzee.”

“Nilikuwa na muda.”

Alikuwa amepata alichofuata na angeweza kuaga. Lakini siku nne hizo zilikuwa zimemkata ulimi wa adabu, na aliuliza swali ambalo klabu nzima haikuliuliza kwa miaka kumi na miwili. “Siku ile ulitoka bila kuaga. Ulikasirika?”

Mzee aliacha kumenya. “Kwa nini nikasirike?”

“Kwa kufungwa. Na mimi nilipiga makofi.”

“Nilikufundisha mwenyewe, ukanifunga. Mwalimu gani anakasirikia hilo? Nilitoka haraka niwasimulie watu, ila sikupata nafasi.” Alipuliza maganda kwenye ungo. “Mpwa wa mke wangu, Marko, alikuwa amekaa nje, kwenye tofali, toka tulipoanza. Hakutaka kutuingilia. Nilipotoka ndipo akaniambia, shangazi ameanguka, mkono na mguu upande mmoja havina kazi. Na lori alilokuja nalo lilikuwa linaondoka. Nikapanda.”

“Mama Loisi,” Ludovick alisema. Alikuwa amemwona mara moja tu, mwanamke mrefu aliyekuja Kizota na karanga za klabu nzima.

“Nilimuuguza miaka miwili. Kumgeuza, kumlisha. Angelina alikuwa bado kwa mumewe Mpwapwa. Mwezi wa tano, tisini na tatu, nikamzika. Pale.” Alionyesha kwa kidevu upande wa mipapai, ambako palikuwa na msalaba wa saruji.

Ludovick aliutazama msalaba.

“Nilijua mtakuja,” Bartolomayo alisema. Hakuwa analaumu, alizungumza kama mtu anayesoma taarifa ya mvua. “Mwezi wa kwanza nikasema wana kazi. Wa pili nikasema wanangoja mshahara. Loisi mwenyewe, ulimi ukiwa mzito vile, alikuwa anauliza watu wako wa ubaoni wanakuja lini, tuwatengee karanga. Siku ya kuzika nilipanda juu ya udongo pale niwaone watu wote, nikawatafuta. Ndipo nikaelewa.”

“Ulielewa nini, mzee?”

“Kwamba mlikuwa mnamfuata yule asiyefungwa. Akishafungwa, ni mzee tu wa Mlali.”

Ludovick alitaka kusema si hivyo. Alitaka kusema kwamba walinyamaza kwa ajili ya heshima, kwamba waliogopa kumwaibisha, kwamba walimwenzi hadi wakatunga sheria kwa sababu yake. Aliyapanga maneno hayo kichwani, na yalipokaa sawa akasikia yanavyosikika, mbele ya msalaba ule. Kuuliza si ujinga, watu husema kila siku. Klabu nzima ilikuwa imelijua neno hilo na hakuna aliyelitumia.

“Pole, mzee,” alisema mwishowe. “Pole kwa msiba.”

“Nimeshapoa,” mzee alisema, kama ijibiwavyo.

Machozi yalimtoka Ludovick hapo, mbele ya Angelina, na hakuyazuia. Mzee alimsogezea ungo, akampa karanga za kumenya ili mikono ipate kazi. Wakamenya. Jioni walikwenda kaburini, na baada ya ugali wakacheza mchezo mmoja kwenye ubao uleule wa zamani. Bartolomayo alimfunga. Alimfunga kweli, kwa hatua thelathini na nne, na aliposhinda alicheka mpaka akakohoa.

“Leo si Jumamosi?” aliuliza mzee wakipanga kete kwenye kopo. “Huko mjini wanajua uko wapi?”

“Hawajui.”

“Wataulizia?”

Ludovick aliendelea kuhesabu kete, ingawa zilikuwa zimetimia.

Njia nzima ya kurudi, siku ya Jumapili, swali hilo lilikuwa naye kwenye pikapu na kwenye basi. Alijaribu kujibu kama mtu wa haki. Miaka kumi na miwili aliwaendea kila wiki akiwa mtu asiyefungwa, Ijumaa alijivua sifa hiyo mwenyewe, Jumamosi hakutokea. Mambo haya yalikuwa yameshatokea mara moja kwa mtu bora kuliko yeye, na majibu yake aliyaona kwa macho chini ya mipapai. Hakumlaumu mtu. Aliogopa tu, na aliona ajabu kwamba mtu wa miaka hamsini na saba anaweza kuogopa hivyo.

Alifika Mkonze saa kumi jioni. Mezani kulikuwa na mfuko wa sukari, machungwa, na mkate uliofungwa gazeti.

“Nani amekuja?” aliuliza.

“Nani hakuja?” Evodia alisema. “Jana. Wote saba, kwa miguu kutoka Kizota. Wanasema walikungoja robo saa, wakaona hutokei, Optatus akafunga karakana. Walidhani umeugua. Na huyo binti wa chuo, Violeth, alilia hapo hapo ulipo. Anasema ni kwa sababu yake, alikuachia wazi mno ule mchezo wa Aprili, angeuficha vizuri usingejua. Ikabidi nimbembeleze mimi.”

Ludovick alivuta kiti, akakaa. Alikuwa amepanga kila jibu isipokuwa hilo. Robo saa. Hawakungoja hata robo ya pili.

“Uliwaambia nini?” aliuliza.

“Kwamba umekwenda Mlali kwa Mzee Bartolomayo. Wakatazamana. Optatus akaniuliza kama mzee yu hai, nikamwambia mimi sijui, mngojee.” Evodia alivuta kiti cha pili, akakaa, akamtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. “Haya, nipe habari. Mzee hajambo?”

“Hajambo.”

“Na mama Loisi? Yule mwenye karanga? Hajambo?”

Ludovick alimwambia. Alimwambia yote, tangu Marko kwenye tofali hadi mzee aliyepanda juu ya udongo kutafuta sura za watu, na Evodia alisikiliza hadi mwisho, akavua kanga mabegani akajifunga kiunoni, kama wafanyavyo wanawake wanapoitwa kwenye matanga. Hakusema kwamba imepita miaka kumi. Aliuliza tu kama wengine wameshaambiwa.

Hawakuwa wameambiwa. Basi Ludovick alivaa viatu tena, akatoka kupeleka taarifa ya msiba nyumba kwa nyumba, kama inavyopelekwa. Alianzia kwa Optatus.